Shimo la Jumamosi

"Nimekuuliza, nani amepaka rangi kwenye mti wangu?"

"Mama, kula kwanza."

"Sili. Jibu."

Binti yangu Karlyn aliweka uma chini. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani, nyama ya Jumapili iko mezani na viazi nilivyomenya Jumamosi kama kawaida, na tangu tulipofika getini sikuwa nimenyamaza. Kwenye shina la mti wetu wa mepo, ule unaogeuka mwekundu kabla ya baridi, upande wa barabarani, kulikuwa na alama ya X ya rangi ya chungwa, kubwa kama sahani. Siku za kazi mimi hutumia mlango wa nyuma, kwa hiyo sikuwa nimeiona.

"Ni wale wa kukata miti," alisema. "Walipita Alhamisi ulipokuwa kwa daktari wa macho. Wanakuja kesho saa moja asubuhi."

"Umewaita wewe."

"Nimewaita mimi. Pasaka ulisema nini? Hapa hapa, kwenye meza hii. Ulisema, 'Nitahama siku mti huo utakapokufa.' Nikakupa mkono, ukaushika."

"Nilisema ukifa. Haujafa."

"Leo tarehe kumi na saba Agosti, Mama, na umeshakuwa mwekundu kama gari la zimamoto."

"Ni mepo mwekundu. Ulitaka uwe wa bluu?"

"Mwezi wa kumi! Mwezi wa kumi ndiyo zamu yake. Hebu chungulia wa kina Tuinstra hapo ng'ambo. Kijani. Wa mchungaji, kijani. Huu wako unawahi kwa sababu unakufa. Nusu ya juu haina hata jani."

Sikuchungulia. Nilijua. Ulikuwa mwaka wa tatu mti wetu kuwa wa kwanza kubadilika rangi katika mtaa mzima. Mwaka wa kwanza watu walipunguza mwendo wa magari wakaupiga picha, na mimi nikasimama barazani nikiwapungia mkono kama malkia. Kumbe nilikuwa najisifia homa.

"Na lile tawi la Juni?" Karlyn aliendelea. Akianza haachi, amelirithi hilo kwangu. "Limeanguka juu ya kiti cha Baba."

"Kiti kilikuwa kitupu."

"Cha kwako kiko hatua moja, Mama. Hatua moja! Kile chumba nilichokuonyesha bado kipo. Chini kabisa, hakuna ngazi. Dakika tano kutoka kwangu. Kina dirisha zuri."

"Linatazama nini?"

"Maegesho."

"Na kivuli?"

"Kuna kivuli cha jengo."

Nikacheka, naye akacheka bila kutaka, halafu macho yake yakajaa machozi, na hapo nikashindwa kuendelea na ukali wangu. Tangu mume wangu Harmen afariki, miaka minne sasa, Karlyn anaendesha gari kwa saa tatu kutoka Chicago mara moja kwa mwezi, anakula viazi vyangu, anahesabu dawa zangu kwa macho akidhani sioni, kisha anarudi. Si mtoto mbaya. Amechoka kuniwaza.

"Sikiliza," alisema. "Nitajie kitu kimoja. Kitu kimoja tu kinachouua mti huu na ambacho kinatibika. Ukinitajia, nawapigia mimi mwenyewe wasije, na habari ya chumba sitaigusa tena mwaka huu."

Nikaanza kuhesabu kichwani. Mti ule nimeumwagilia kila kiangazi, nimeutandazia vipande vya magome kila mwezi wa tano kama mtaa mzima unavyofanya, nimefukuza kulungu kwa ufagio. Nimeufanyia kila nilichojua.

"Basi," akasema Karlyn, taratibu.

"Basi," nikasema. Kwetu ukishika mkono umeshika.

Aliondoka saa nane, kwa kuwa Jumatatu anaingia kazini mapema. Alinikumbatia mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Kesho usitoke nje wakiwa wanakata. Funga madirisha, washa redio. Nitapiga jioni."

"Vyombo umeacha vichafu."

"Ni Jumapili, Mama. Umenilea mwenyewe."

Gari lilipokunja kona, mtaa ulikaa kimya. Asiyeijua Jumapili ya kwetu huku magharibi ya Michigan atadhani watu wamehama. Hakuna mashine ya kukata nyasi, hakuna nyundo, hakuna nguo kwenye kamba. Watu wamelala baada ya chakula, wanasubiri ibada ya jioni. Nilipokuwa na mume na mtoto, ukimya ule niliupenda. Ulikuwa kama kupumua. Siku hizi ni siku ndefu kuliko zote. Jumatatu naweza kusugua sakafu, Jumanne kwenda maktaba. Jumapili nakaa tu, na hakuna wa kukaa naye.

Nilitoka barazani na mkoba wangu wa kanisani. Viti viwili bado vipo. Nilikaa kwenye changu na kutafuta leso, mkono ukagusa peremende. Mbili. Kwetu kila mtu hunyonya mbili kwenye mahubiri, moja mchungaji anapoanza, ya pili anapofika katikati, na mke ndiye anayezibeba. Mimi bado natoka nyumbani na nne. Kila Jumapili narudi na mbili, nazirudisha kwenye bakuli, na Jumapili inayofuata nachukua nne. Sijui kwa nini. Mkono umezoea.

Nikaitia moja mdomoni nikautazama mti.

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu. Nina stashahada ya usafi wa meno, na kwa miaka thelathini na mmoja nimekwangua uchafu kwenye vinywa vya nusu ya mji huu. Wapo wanaonikimbia dukani hadi leo. Ukifanya kazi ile muda mrefu, macho yako yanajifunza kitu kimoja: hutazami jino, unatazama pale jino linapoingia kwenye fizi. Ugonjwa unaanzia hapo. Jino linaweza kung'aa juu kama kaure huku shingoni linaoza.

Sasa pale kitini, pengine kwa sababu kesho yake nisingekuwa nao tena, niliutazama mti pale unapoingia ardhini. Mara ya kwanza kwa miaka yote ile.

Haukuwa na shingo. Mti wa Tuinstra ng'ambo ulikuwa unatanuka chini, kama mtu aliyesimama na miguu ameipanua. Wangu ulikuwa umezama wima kwenye kilima cha magome, kama nguzo ya umeme. Kilima nilikijenga mimi, mwaka juu ya mwaka, hadi kikafika usawa wa goti. Fizi zilizovimba. Ningekuwa na mgonjwa wa namna hiyo kwenye kiti changu ningemgombeza mpaka alie.

Nikashuka ngazi. Nilikuwa na gauni la kanisani na viatu vya kanisani. Nikainama nikasukuma magome pembeni kwa mkono, kidogo tu. Kusukuma kwa mkono si kazi, nilijiambia. Chini ya magome palikuwa na unyevu na harufu ya pishi. Gome la mti lilikuwa laini, jeusi. Nikaingiza vidole zaidi, upande wa barazani ambako shina limebonyea ndani, navyo vikagonga kitu kigumu. Hakikuelekea nje kama mzizi wenye akili. Kilipita mbele ya shina, kimekaza, kinene kama kifundo cha mkono wangu. Nilikifuata kwa vidole. Kiliuzunguka mti nusu nzima, kimeuminya kama mshipi uliofungwa tundu la mwisho.

Nikakaa chini kwenye nyasi, gauni na yote.

Kwa sababu nilijua mzizi ule umetoka wapi. Nilikuwepo siku ile.

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Oktoba, miaka kumi na minne iliyopita. Harmen alikuwa amestaafu mwezi huo huo na alitaka kivuli upande wa magharibi, kwa sababu jua la jioni linalotoka upande wa ziwa lilikuwa linatufukuza barazani. Akaleta mepo kwenye ndoo kubwa ya plastiki. Shimo lilimchukua mchana kutwa, udongo wetu ni mfinyanzi. Jua lilipokaribia kuzama ndipo akautoa mti kwenye ndoo, na mimi nikatokea mlangoni na mwiko wa supu mkononi.

"Lida, njoo uone," aliniita. "Mizizi imejizungusha humu kama kamba kwenye pipa. Imekaa kwenye ndoo muda mrefu mno."

"Supu ya njegere inapoa, Harmen."

"Inabidi niichambue mmoja mmoja, niinyooshe. Mingine niikate. Na shimo nimelichimba refu kupita kiasi, nilirudishie udongo kwanza. Nitamalizia Jumatatu."

"Jumatatu! Na kesho?"

"Kesho mti ukae kivulini na gunia lililoloweshwa maji. Hautakufa."

Na mimi, Alida Boersma, mwanamke mwenye akili zangu, nilisema hivi: "Shimo wazi mbele ya nyumba siku ya Jumapili? Watu wote wakipita kwenda kanisani? Watasema hatukuweza kumaliza wiki yetu. Fukia hilo shimo, uoge, tule."

Alinitazama. Harmen hakuwa mbishi. Alikuwa na desturi ya kukutazama kwanza, kama mtu anayepima mbao, kisha anafanya unavyotaka. Akautumbukiza mti shimoni na mizizi yake ilivyojisokota. Akafukia. Akaoga, tukala. Kesho yake tulipita pale tukielekea kanisani na mahali palikuwa pasafi, pamesawazishwa, na mimi nikaona fahari.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Yeye alitaka kuukunjua ungali mbichi. Mimi nikamwita akale supu.

Nilikaa kwenye nyasi sijui muda gani. Kama Karlyn angekuwepo ningemwambia, kwa sauti ya ukali ili asijue. Kama Harmen angekuwepo angesema, "Ah, Lida, ni mti tu," na ningemjibu asiniambie ni mti tu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na jani jekundu moja kwenye paja langu, la mwezi wa nane.

Nikaingia ndani nikampigia Karlyn. Alikuwa barabarani, hapokei simu akiendesha, nami ndiye niliyemfundisha. Nikaacha ujumbe: "Nimekipata kitu kimoja. Simama mahali unipigie." Nikatafuta karatasi ya wale wakata miti, aliyoiacha kwenye jokofu chini ya sumaku. Nikapiga. Sauti ya mashine ikanishukuru na kuniambia ofisi imefungwa, itafunguliwa kesho saa mbili. Wao wenyewe wanafika kwangu saa moja.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi na robo. Ibada ya jioni saa kumi na mbili. Jumatatu kwangu ingeanza usiku wa manane, na mimi si mtu wa kuchimba gizani kwa tochi na magoti haya. Kama shingo ya mti ule ingefunguliwa kabla ya msumeno kufika, ingekuwa leo, mchana huu, mbele ya kila dirisha la mtaa.

Nilikwenda bandani nikachukua sepetu, mwiko mdogo wa bustani, patasi pana ya Harmen na nyundo yake. Nilibadili viatu. Gauni nililiacha.

Nilianza na magome. Nilibeba kwa sepetu na kumwaga kwenye nyasi, mzigo baada ya mzigo. Katika ukimya ule sepetu lililia kama kengele. Pazia la Tuinstra likasogea. Sikugeuka. Likasogea tena. Kisha mlango, kisha viatu vyake vikavuka barabara polepole. Clarence Tuinstra ni mzee wa kanisa, mjane kama mimi, mtu mwembamba anayevaa tai hata akilala mchana.

"Dada Alida."

"Ndugu Clarence."

"Leo ni Jumapili."

"Nilikuwepo asubuhi. Nilikaa mbele yako. Ulikoroma kwenye zaburi ya pili."

Akakohoa. "Nasema tu kwa ajili yako. Watu wanaona."

"Waone. Miaka kumi na minne mti huu umebanwa kwa ajili ya macho ya watu." Nikatupa mzigo mwingine. "Clarence, Bwana alisema nini kuhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato?"

"Kwamba mtu atamtoa mara moja."

"Basi huyu ni ng'ombe wangu."

Aliutazama mti, akaitazama alama ya rangi ya chungwa. "Karlyn aliniambia mti unakatwa kesho. Alisema wewe unahamia karibu naye."

"Karlyn anasema mengi."

"Harmen asingefanya hivi, Alida. Siku ya Jumapili."

"Kweli," nikasema. "Asingefanya. Ndiyo maana tumefika hapa."

Nilidhani atasema neno, au atashika sepetu. Mkono wake mmoja ulitoka mfukoni. Kisha ukarudi mfukoni. "Nitakuombea jioni," akasema, na akavuka barabara. Pazia likafungwa hadi mwisho. Sikumlaumu. Juma lililopita, angekuwa yeye ndiye anayechimba, pazia lingekuwa langu.

Chini ya magome palikuwa na udongo ambao haukupaswa kuwepo, kina cha kiganja kizima, ule ambao Harmen alitaka kuurudishia chini ya mti. Hapo niliweka sepetu pembeni nikapiga magoti na mwiko. Kazi hii naijua. Huchomi, hukwarui kwa nguvu. Unasogeza kidogo kidogo, unafuata ukingo, unasafisha, unatazama. Mizizi midogo niliikata kwa mkasi wa maua. Jua la magharibi liliniangukia mgongoni, likipita katikati ya matawi makavu. Nilipofika nusu, shingo ilianza kutokea: upande mmoja shina lilitanuka vizuri, mguu kabisa, mguu wa mti mzima. Upande wa pili, kamba.

Nilipoisafisha yote nikaiona vizuri. Ilikuwa imezama ndani ya shina kama uzi kwenye kidole kilichovimba. Juu yake gome lilikuwa limejaa, chini yake limekonda. Niliweka kiganja. Miaka kumi na minne mti ule ulikuwa unanenepa kuelekea kwenye kamba yake mwenyewe, na kila mwaka nikija na gari la magome kuifunika.

Niliiweka patasi juu ya mzizi. Kisha nikaitoa.

Mzizi ule nao unakunywa maji. Nikiukata, pengine nusu ya ule uhai uliobaki inakatika nao, na kabla ya Septemba mti utakuwa kuni, na Karlyn atakuwa na haki mara mbili. Nikiuacha, kesho saa moja msumeno. Simu yangu ilikuwa mfukoni, Karlyn bado hajapiga. Nilitamani mtu mmoja wa kuniuliza, "Una hakika?" ili nimjibu kwa hasira kwamba ndiyo. Nilitazama barazani. Viti viwili.

Nikafikiria chumba kile na dirisha lake. Nisingekufa humo. Watu wanaishi, wanazoea. Ningekuwa na Karlyn dakika tano, na kwa kweli jambo hilo lilinivuta kuliko nilivyowahi kumwambia. Lakini kama ni kuhama, nihame siku nyingine, kwa sababu nyingine. Sitahama kwa sababu ya sahani ya supu.

"Kaa kitako, fungua mdomo," niliuambia mti, kama nilivyowaambia watu wote miaka thelathini na mmoja. Nikaiweka patasi pale mzizi unapotoka kwenye shina, nikaielekeza pembeni isiguse gome la mti wenyewe, nikainua nyundo.

Pigo la kwanza liliruka. La pili likaingia. Sauti ilikwenda mtaa mzima, ikagonga ukuta wa Tuinstra ikarudi. La tatu, la nne, vipande vyeupe vikaruka kwenye gauni. Nilihesabu hadi kumi na moja, na la kumi na mbili mzizi ukapasuka kwa mlio mkali, ncha yake ikaruka kutoka kwenye shina upana wa vidole viwili, kama kitu kilichokuwa kinangoja kuachiwa. Nikaenda upande wa pili nikakata tena. Kipande kikatoka kizima, kimepinda mfano wa ukingo wa ndoo.

Nilikiweka juu ya kiti cha Harmen. Nikavuta mpira wa maji nikaufungua kidogo kwenye shimo, maji yatiririke pole pole, na shimo nikaliacha wazi. Kengele ya ibada ya jioni ilikuwa inalia, milango ya mtaa inafunguka, watu wanatoka na tai zao na mikoba yao, wanapita mbele yangu wakitazama.

Nikanawa mikono kwenye mpira, nikapiga tena ile namba, na mashine ilipomaliza kushukuru nikasema: "Hapa ni Boersma, nyumba ya kona. Kesho msije. Mkija mtanikuta nimekaa chini ya mti, na mimi sihami."